Jinsi ya Kufeli Hadi Ukawa Mwanafalsafa wa Kifaransa

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye matokeo yamebandikwa ukutani, akaisoma orodha kuanzia juu hadi chini, akairudia kuanzia chini hadi juu, na jina lake halimo. Tunaye mtu wa kumwiga. Ni Jacques Derrida, mzaliwa wa Algeria, ambaye kati ya 1942 na 1956 alifukuzwa shule, akafeli bakaloria, mtihani wa taifa wa sekondari, akafeli mara mbili mtihani wa kuingia chuo alichokitamani, kisha akafeli mtihani wa kumpa haki ya kufundisha. Mwaka 1967 mtu huyohuyo alichapisha vitabu vitatu, na tangu hapo wasomi wa falsafa na fasihi hawajaacha kubishana juu yake.

Vinavyohitajika: mpira wa miguu mmoja, redio moja, daftari ambalo hakuna mwalimu atakayelisahihisha, kitabu kimoja chembamba na kigumu, na mwalimu mmoja aliye tayari kukiri kwamba hakuelewa ulichoandika. Muda wa maandalizi: miaka 25. Fuata hatua kwa mpangilio, na pale palipoandikwa tahadhari, simama usome mara mbili.

Hatua ya 1: Pachunguze ulipozaliwa

Derrida alizaliwa tarehe 15 Julai 1930 huko El Biar, kitongoji kilicho juu ya vilima vya jiji la Algiers. Wazazi wake walimwita Jackie. Jina la Jacques alijichagulia mwenyewe alipoanza kuchapisha. Baba yake alikuwa wakala wa kampuni ya mvinyo na vinywaji vikali, mtu wa kushinda barabarani na sampuli ndani ya gari, na mtoto aliyeandamana naye baadhi ya safari aliuona uchovu wake kwa macho yake mwenyewe.

Ukoo wake ulikuwa wa Wayahudi walioishi Afrika Kaskazini vizazi na vizazi. Mwaka 1870 amri ya serikali, iliyoitwa kwa jina la waziri Crémieux, iliwapa Wayahudi wa Algeria uraia wa Ufaransa. Waislamu, ambao ndio waliokuwa wengi katika nchi hiyo, hawakupewa. Walibaki watawaliwa ndani ya nchi yao. Shuleni, Kiarabu kilichosemwa mitaani kilifundishwa kama lugha ya kigeni, tena ya hiari. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia mahali ambapo karatasi moja ya serikali ilimtenga na jirani yake, na ambapo lugha ya walio wengi ilihesabiwa kuwa ya wageni.

Huwezi kuchagua pa kuzaliwa. Unaweza kuuliza nani ana karatasi, nani hana, na karatasi hizo ziliandikwa na nani. Maswali hayo hayana ada, na falsafa nyingi nzuri zimeanzia hapo.

Hatua ya 2: Usimwamini anayekufukuza

Oktoba 1940, baada ya Ufaransa kushindwa vitani, serikali ya Vichy iliifuta amri ya 1870. Wayahudi wa Algeria wakalala raia, wakaamka si raia. Hakuna jeshi la Wajerumani lililokuwa limekanyaga Algeria. Watawala wa Kifaransa waliifanya kazi hiyo wenyewe, na kwa bidii. Shuleni kwa Derrida, heshima ya kupandisha bendera ilikuwa ya mwanafunzi wa kwanza darasani. Yeye alikuwa wa kwanza. Bendera akapewa wa pili.

Oktoba 1942, siku ya kwanza ya mwaka wa masomo katika sekondari ya Ben Aknoun, aliitwa ofisini akaambiwa arudi nyumbani. Idadi ya wanafunzi wa Kiyahudi ilikuwa imewekewa kikomo, kikomo hicho kikashushwa hadi asilimia 7, na yeye akawa miongoni mwa waliozidi. Alikuwa na umri wa miaka 12. Majeshi ya Uingereza na Marekani yalitua Algeria mwezi uliofuata, lakini uraia wa Wayahudi haukurudishwa hadi Oktoba 1943.

Mtoto wa miaka 12 anayetolewa darasani ana njia mbili za kulielewa jambo hilo. Ya kwanza ni kudhani kwamba ana kasoro. Ya pili ni kutambua kwamba kasoro imo katika sheria iliyomtoa. Njia ya pili ni ngumu, na mtu mzima aliye karibu ndiye anayepaswa kumwonyesha. Ukiwa wewe ndiye mtoto, kumbuka hili: sheria iliyodai kwamba darasa litakamilika bila Derrida ilifutwa, na Derrida bado anasomwa.

Hatua ya 3: Ukitoroka, toroka na kitabu

Walimu wa Kiyahudi, ambao nao walikuwa wamefukuzwa kazi, walifungua shule yao jijini Algiers. Wazazi wa Derrida wakamwandikisha huko. Kwa karibu mwaka mzima akawa anaaga nyumbani asubuhi na haendi. Baadaye alieleza kwamba kule pia alibanwa: waliomtoa walimtoa kwa sababu ni Myahudi, na waliompokea walimpokea kwa sababu hiyohiyo. Alitaka kuwa mahali ambapo hakuna anayeulizwa ni wa kundi gani.

Mahali hapo palikuwa uwanja wa mpira. Derrida kijana aliota kuwa mchezaji wa kulipwa, na aliporudishwa Ben Aknoun mpira uliendelea kula muda wa masomo. Lakini mtoro huyu alikuwa msomaji. Alimsoma Rousseau, akamsoma Nietzsche, akamsoma André Gide kwa mapenzi makubwa, na akawa anaandika shajara. Hakuna mwalimu aliyemtuma kuvisoma vitabu hivyo, wala hakuna mtihani uliokuwa ukivingojea.

Kitabu ulichokisoma bila kutumwa hukaa kichwani kwa namna ya pekee. Miaka zaidi ya 20 baadaye, Derrida alipoandika *De la grammatologie*, kimoja cha vile vitatu vya 1967, sehemu kubwa ya kitabu hicho ilikuwa mazungumzo marefu na Rousseau, rafiki yake wa siku za utoro. Kwa hiyo mzazi anayemkuta mtoto wake amejificha na kitabu kisichokuwa kwenye mtaala, amwache amalize sura.

Hatua ya 4: Feli mtihani wa kwanza, kisha washa redio

Juni 1947 Derrida alifeli bakaloria. Alirudia, akavuka, na mwaka wa masomo wa 1947 hadi 1948 akasoma darasa la falsafa katika sekondari ya Gauthier, ambako alikutana na maandishi ya Bergson na Sartre. Alikuwa na kiu ya kuandika, ila hakujua njia ya kupita.

Njia aliisikia redioni. Kulikuwa na kipindi cha kuwaelekeza vijana, na mwalimu mmoja wa fasihi akaeleza kuhusu madarasa ya maandalizi ya kuingia vyuo vya juu, akataja kwamba aliwahi kumfundisha Albert Camus. Derrida akaenda kumwona, akajiandikisha katika sekondari ya Bugeaud. Kabla ya hapo hakujua hata kwamba École normale supérieure, chuo cha Paris kilichowatoa wanafalsafa wengi wa Ufaransa, kipo duniani.

Hebu tusimame hapa kidogo. Kijana ambaye jina lake lingekuja kujulikana ulimwenguni kote alifika miaka 18 bila kuwa na habari za chuo ambacho mtoto wa tabaka la juu la Paris alikisikia mezani wakati wa chakula. Akili alikuwa nayo. Alichokosa ni taarifa, na taarifa ilimfikia kwa bahati ya kusikiliza kipindi fulani siku fulani. Wale ambao siku hiyo hawakuwasha redio hatuwajui hata majina. Mwalimu aliyekwenda studio kueleza namna ya kujiunga na madarasa yale alifanya kazi kubwa kuliko alivyodhani, na kila anayejua njia ana deni la kuitangaza kwa sauti.

Hatua ya 5: Feli tena, kisha feli mara nyingine

Tahadhari: hatua hii haiigwi.

Mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 19, Derrida alivuka bahari kwa mara ya kwanza akaingia bweni la Louis-le-Grand, Paris. Wanafunzi wa bweni walivaa koti la kijivu kutwa nzima, chakula kilikuwa kibaya, baridi ilikuwa kali, na nyumbani palikuwa ng'ambo ya Mediterania. Mwaka 1950 akafanya mtihani wa École normale supérieure, akafeli. Majira ya baridi yaliyofuata afya yake ilivunjika, akarudi El Biar kukaa na wazazi wake kwa miezi kadhaa. Mwaka 1951 akarudia mtihani akiwa anategemea vidonge vya kumlaza na vidonge vya kumwamsha. Hofu ikamshinda, akakabidhi karatasi tupu. Akafeli. Mwaka 1952, jaribio la tatu, akapita.

Wapo wanaopenda kusimulia habari za namna hii kana kwamba mateso ndiyo yanayozaa fikra. Si kweli. Sonona ilimwibia Derrida miezi mingi, na ingeweza kumwibia zaidi. Kilichomwokoa ni nyumba iliyompokea bila kumhesabia gharama, marafiki waliomwandikia barua, na kanuni zilizomruhusu kujaribu tena. Ondoa kimoja kati ya hivyo na mwongozo huu usingekuwa na wa kumwandika. Kama uko katika hatua hii sasa, usingizi umekimbia na karatasi ya mtihani inakutia kichefuchefu, mwambie mtu leo. Rudi nyumbani kama nyumbani pako pana amani. Mtihani utafanyika tena mwakani.

Hatua ya 6: Tafuta mwalimu anayeweza kusema "sikuelewa"

Katika École normale supérieure Derrida alimkuta Louis Althusser, mkufunzi wa wanafunzi wa falsafa, naye pia mzaliwa wa viunga vya Algiers. Wakawa marafiki kwa miongo. Derrida alisimulia kwamba siku moja alimpa insha, na Althusser akashindwa kuipa alama: aliiona ngumu mno, akaipeleka kwa Michel Foucault, aliyekuwa akifundisha hapo saikolojia. Foucault akajibu kwamba insha hiyo inastahili ama alama ya chini kabisa ama ya juu kabisa.

Yatazame majibu hayo kwa makini. Mwalimu mvivu angeipa alama za katikati akalala. Hawa wawili walikiri kwamba kipimo chao hakitoshi kuipima kazi iliyo mbele yao. Hawakumdanganya pia kuhusu mtihani: mwandishi wa aina hiyo angeumia mbele ya jopo la watahini, na aliumia. Mwaka 1955 alifeli agrégation, mtihani wa kupata walimu wa ngazi ya juu, akaupita 1956.

Sehemu ya pili ya hatua hii ni kumshukuru mwalimu kwa kumkosoa. Tarehe 4 Machi 1963 Derrida alisimama mbele ya hadhira, Foucault akiwa ameketi humo, akakichambua kitabu cha Foucault cha historia ya wazimu, akaanza kwa kujitaja kuwa mwanafunzi wake mwenye shukrani. Miaka kadhaa baadaye Foucault alijibu kwa ukali na wakanuniana muda mrefu. Lakini mwishoni mwa 1981, Derrida alipokamatwa Prague kwa mashtaka ya kubambikiziwa dawa za kulevya, Foucault alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti kumtetea.

Hatua ya 7: Chagua maandishi machache, ukae nayo miaka

Hapa ndipo mwongozo unapokolea. Wakati wenzake wa Paris wakigombania Sartre na Marx, Derrida alijifungia na Edmund Husserl, mwanzilishi wa fenomenolojia. Tasnifu yake ya 1953 hadi 1954 ilihusu tatizo la chimbuko katika falsafa ya Husserl. Mwaka 1954 alikwenda Leuven, Ubelgiji, kwenye hifadhi ya maandishi ya Husserl: karibu kurasa 40,000, nyingi zikiwa za hatimkato, zilizookolewa kutoka Ujerumani ya Wanazi mwaka 1938 na mtawa Mfransisko, Herman Leo Van Breda.

Katika bahari hiyo alichagua maandishi mafupi kuhusu chanzo cha jiometria, akayatafsiri kwa Kifaransa, na mwaka 1962 akayachapisha na utangulizi wake mwenyewe uliokuwa mrefu mara kadhaa kuliko maandishi yenyewe. Swali la Husserl lilikuwa hili: kanuni ya jiometria ni kweli kwa watu wote na wakati wote, lakini siku ya kwanza ilizaliwa katika kichwa cha mtu mmoja. Ilitokaje humo ikawa mali ya wote? Husserl alijibu kwamba lugha iliisaidia, na hasa maandishi, kwa sababu maandishi huendelea kusema hata aliyegundua akiwa amekufa.

Derrida aliling'ang'ania jibu hilo. Tangu Plato, falsafa ya Ulaya ilikuwa imeyashuku maandishi. Msemaji yupo, anaweza kuulizwa na kujitetea. Maandishi ni yatima, yanazurura bila baba. Rousseau naye aliyaita maandishi nyongeza tu ya usemi. Lakini kama ukweli ulio imara kuliko wote, ule wa jiometria, unayahitaji maandishi ili uwe wa wote, basi nyongeza hiyo imekaa kwenye msingi. Tena neno lolote, hata la kusemwa, ni neno kwa sababu linaweza kurudiwa na mtu mwingine, mahali pengine, mimi nikiwa sipo. Kile kilicholaumiwa kwenye maandishi kimo ndani ya usemi tangu mwanzo.

Huo ndio mzizi wa udenguzi, njia ya kusoma inayohusishwa na jina la Derrida. Haukuwa ubomoaji. Ni kazi ya kusoma kwa subira hadi uone namna maandishi yanavyosimama juu ya kile yanachodai kukitupa nje. Na mimi naamini kwamba mtoto aliyetolewa darasani 1942 alikuwa ameshaanza kazi hiyo. Darasa linalolazimika kumtoa mtu ili lijione kamili halikuwa kamili tangu awali.

Hatua ya 8: Rudi ulikotoka, hata kama pamebadilika

Baada ya mwaka mmoja Harvard, ambako alimwoa Marguerite Aucouturier mwaka 1957, Derrida alitakiwa kutumikia jeshi. Vita vya uhuru wa Algeria vilikuwa vimepamba moto. Hakushika bunduki: alipangiwa shule ya watoto wa wanajeshi huko Koléa, karibu na Algiers, akafundisha kwa zaidi ya miaka miwili akiwa amevaa nguo za kiraia. Aliupinga ukoloni, na wakati huohuo alitumaini kwamba watu wa asili mbalimbali wangeweza kubaki pamoja. Haikuwa hivyo. Mwaka 1962 Algeria ilipata uhuru, na wazazi wake wakahamia Nice. Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha 1996, alieleza hali ya mtu mwenye lugha moja tu, Kifaransa, ambayo hata hiyo si yake.

Hatua ya 9: Chelewa bila aibu

Kitabu cha kwanza alikitoa akiwa na miaka 32. Vile vitatu vya 1967 vilimkuta ana miaka 37. Udaktari wa juu wa Kifaransa, doctorat d'État, aliutetea mwaka 1980, akikaribia miaka 50, na baada ya hapo akaomba kiti cha uprofesa katika Chuo Kikuu cha Nanterre akanyimwa. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Cambridge kilipopendekeza kumpa shahada ya heshima, baadhi ya maprofesa waligoma na kura ikapigwa: 336 walikubali, 204 walikataa. Mitihani haikumwacha hata alipokuwa na mvi.

Hatua ya 10: Lifungue lango

Hatua hii ndiyo inayozipa maana zile tisa. Mwaka 1975, serikali ya Ufaransa ilipotaka kupunguza nafasi ya falsafa mashuleni, Derrida na wenzake waliunda kikundi cha kuchunguza na kutetea ufundishaji wake, GREPH. Hawakuishia kulinda saa zilizokuwepo. Walidai falsafa isingoje mwaka wa mwisho wa sekondari. Wakajaribu kuifundisha kwa watoto wa miaka 10 na 11. Mwaka 1979 walikusanya zaidi ya watu elfu moja Sorbonne kwa ajili ya falsafa. Mwaka 1983 alishiriki kuanzisha Collège international de philosophie jijini Paris, taasisi ambamo semina ziko wazi kwa yeyote, na anayetaka kufundisha hupimwa kwa mradi wake wa utafiti, haulizwi cheti gani anacho.

Aliyefukuzwa angeweza kujenga ukuta wake mwenyewe na kulipiza kwa wanafunzi. Yeye alichagua kuongeza milango.

Basi hukumu yangu ni hii. Kufeli hakukumfanya Derrida awe mwanafalsafa. Kila alipofeli, kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikufungwa: kitabu, redio, nyumba ya wazazi, mwalimu mkweli, nafasi ya kujaribu tena. Ewe uliyefeli, tafuta kile ambacho kwako hakijafungwa na ukishike leo. Ewe mwalimu, ukikutana na insha usiyoielewa, isome mara ya pili kabla ya kuipa alama. Na wewe mwenye ofisi, mwenye mamlaka ya kumwambia mtoto arudi nyumbani, usimwambie.